Jina la Kwanza Kwenye Orodha

Kila Ijumaa kengele ya jioni ilipolia, wanafunzi arobaini wa chama cha kompyuta walikuwa wameshajazana nje ya stoo ya zamani ya majembe. Shule yao ilikuwa kando ya barabara ya Malava, nje kidogo ya mji wa Kakamega, na mwaka huo wa 1998 ilikuwa na kompyuta moja tu. Mwalimu Osundwa, aliyewafundisha hesabu, ndiye aliyeiunda kwa vipande vya mashine mbovu alivyoomba ofisi hadi ofisi.

Kompyuta moja kwa watoto arobaini. Ili asionekane anapendelea, Mwalimu aliandika programu ya kupiga kura. Mashine yenyewe ilitaja majina sita, na aliyetajwa aliketi mbele ya kibodi dakika kumi. Waliobaki walisimama nyuma na kutazama visogo vya wenzao.

Ayuma wa darasa la saba alikuwa ametazama visogo kwa Ijumaa kumi na nane.

"Lynette," Mwalimu alisoma kwenye skrini siku hiyo. Kisha akakunja uso. Mstari uliofuata ulikuwa mtupu. "Imeshikwa na kwikwi tena," akasema, akabonyeza upya. "Willis."

Willis alimkanyaga Ayuma mguu akipita. "Pole, dada. Wewe endelea kulinda mlango."

Ayuma hakucheka. Lynette, binti wa naibu wa mwalimu mkuu, alikuwa ametajwa mara sita. Willis, ambaye hata kunawa alikumbushwa, mara nne. Yeye, ambaye daftari lake la kompyuta halikuwa na doa, hakuwa ametajwa hata mara moja. Kura gani hiyo?

Tena kulikuwa na lile neno "bure". Mwalimu alipenda kulisema. Alisema kazi yote ya mashine ile inaendeshwa na Linux, programu iliyoandikwa na watu wa nchi nyingi ambao hata hawajaonana, wakaitoa bure, wakaacha maandishi yake wazi ili atakaye asome, akosoe, amnakilie mwenzake. Mpwa wake aliyesoma Eldoret ndiye aliyemnakilia kwenye diski.

"Programu nyingine ni kama sanduku lenye kufuli," alikuwa akisema. "Unanunua, lakini kuchungulia ndani ni marufuku. Hii imefunguliwa. Hata yangu ya kura nimeibandika pale mlangoni. Mwenye shaka asome."

Karatasi hiyo ilikuwa mlangoni tangu Januari. Hakuna aliyeisoma. Ilikuwa imeandikwa kwa lugha ya mashine iitwayo C, mabano na nukta mkato tupu, na watoto waliipita kama wanavyoupita ukuta.

Jioni hiyo Ayuma alimweleza baba yake, Mzee Mukhwana, walipokuwa wakipukuchua mahindi uani.

"Bure?" baba akauliza. Alilirudia neno hilo polepole, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye maharagwe. "Mimi sijaonanga mtu wa kutoa kitu bure. Mwaka wa themanini na nne mnunuzi mmoja alikuja hapa na lori. Usafiri bure, alisema. Magunia bure. Tulipofika, mzani wake ulikuwa ndani ya stoo, mlango umefungwa. Sisi nje, mahindi ndani. Akatoka na karatasi. Gunia nililopima mwenyewe hapa nyumbani likawa limepungua njiani, na mimi nilikuwa nimelikalia safari nzima."

"Uliuliza, Baba?"

"Niliambiwa mzani haukosei." Akatupa gunzi kwenye kikapu. "Jina lake ninalo mpaka leo."

Ayuma alilala na maneno hayo, na Jumatatu aliamka nayo. Mapumziko yalipofika aliwaambia wasichana wa darasa lake kwamba Mwalimu Osundwa ameipanga ile kura ili watoto wa walimu watajwe. Walipomkazia macho wakitaka zaidi, akaongeza: "Na zile diski ameiba. Nani hupewa vitu kama vile bure?"

Hilo la pili hakulijua. Alilitunga papo hapo, kwa sababu la kwanza peke yake lilionekana dogo.

Neno lilitoka darasani, likafika sokoni kabla ya chakula cha mchana, na Jumanne likamfikia Mama Rachael, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mama Rachael hakuwa mtu wa kusubiri. Aliita kikao cha Alhamisi. Ikionekana ni kweli, alisema, stoo ifungwe, kompyuta itolewe, na Mwalimu ajieleze kwa wakubwa wake.

"Umetumaliza," Willis alimwambia Ayuma njiani. "Sasa hatutaigusa sisi sote."

"Wewe umeigusa mara nne. Nyamaza."

Lakini hakuwa ametaka kompyuta iondoke. Alitaka kuketi mbele yake. Akaamua kutafuta ushahidi, ili Alhamisi asimame na kitu mkononi. Jumatano jioni aliibandua ile karatasi ya mlangoni, akaikunja ndani ya daftari na kwenda nayo nyumbani.

Alianza kwa kutafuta jina la Lynette. Alitarajia kulikuta limewekewa alama fulani, au limerudiwa mara mbili. Lilikuwa mara moja tu, katikati ya orodha, kama mengine. Jina la Willis pia lilikuwa mara moja, mwishoni. Na jina la kwanza kabisa, kwa sababu orodha ilifuata alfabeti, lilikuwa lake.

"Kwa hiyo umo," baba alisema, akiinama juu ya karatasi na taa ya chemni. Alijua kusoma Kiswahili; haya mengine aliyatazama kama anayepima mtu asiyemwamini. "Mbona huitwi?"

Ayuma alifungua daftari lake. Mwalimu alikuwa amewafundisha maneno machache ya lugha ile. "Lugha nyingine za kompyuta ni za upole," alikuwa amewaambia. "Ukikosea, zinakuambia. C haina huruma. Hufanya ulichosema, si ulichotaka." Na chini yake, kwa wino mwekundu: *Mashine huanza kuhesabu kwenye sufuri.*

Alichukua punje arobaini za mahindi, akazipanga mkekani. Punje ya kwanza akaiita sufuri: hiyo ni Ayuma. Ya pili akaiita moja. Akaendelea hadi ya mwisho, Willis, ambayo ilikuwa thelathini na tisa. Kisha akasoma mstari uliochagua nambari. Ulisema: chagua kuanzia moja hadi arobaini.

Akahesabu upya.

"Baba, hapa sufuri haichaguliwi. Hata tukikaa miaka mia, sitaitwa."

Mzee Mukhwana alijinyoosha. Macho yake yaling'aa kwa namna ambayo Ayuma aliijua. "Si nilikuambia? Amekutupa nje kwa hesabu. Kesho usimame, uwaonyeshe wote. Huyo amekwisha."

Ayuma alitamani sana iishie hapo. Ushahidi ulikuwa mkononi mwake. Lakini kidole chake kilikuwa kimefika mwisho wa mkeka, mahali pasipo na punje.

"Na arobaini ni nani?" akauliza.

"Arobaini yupi?"

"Mashine inaweza kuita arobaini, na hapa hakuna mtu. Ndiyo sababu mara nyingine inatoa mstari mtupu. Mwalimu huwa anasema ina kwikwi." Akagonga pale patupu kwa kidole. "Baba, mtu anayeiba angejiachia shimo kama hili, halafu alibandike mlangoni?"

Baba aliiokota punje ya sufuri, akaigeuzageuza kiganjani.

"Yule mnunuzi wa mahindi," alisema hatimaye, "hakunionyesha mzani. Hata siku moja."

"Na mambo ya diski niliyatunga mimi."

"Wewe?"

"Mimi."

"Basi kesho una kazi mbili," baba akasema, "na ile ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Nitakwenda nawe, lakini sitakusemea."

Kikao kilikuwa ndani ya darasa la nane. Mwalimu Osundwa aliketi kwenye kidawati cha watoto, magoti juu, kofia mkononi. Mama Rachael alitaka kuanza kwa maombi, Ayuma akasimama kabla hajainamisha kichwa.

Alianza na ile kazi ngumu.

"Nilisema Mwalimu ameiba diski. Sikuwa najua. Nilisema tu kwa sababu nilikuwa na hasira ya kutoitwa. Nisameheni. Mwalimu, nisamehe."

Minong'ono ikazuka. Mama mmoja nyuma akasema, "Yaani nimeacha kupalilia kwa ajili ya hii?"

Ayuma hakukaa. Alichora punje zake ubaoni, sufuri hadi thelathini na tisa, kisha akaandika mstari wa Mwalimu. "Ulitufundisha mashine inaanza na sufuri. Hapa umeanza na moja."

Mwalimu aliusogelea ubao. Alivaa miwani, akaivua. Mwishowe alicheka kicheko kifupi cha mtu aliyeona matundu ya suruali yake mwenyewe.

"Miezi saba," akasema. "Miezi saba nimeitukana mashine, kumbe mwenye kwikwi ni mimi. Ayuma, nimekukosesha kiti chako. Kosa ni langu."

Mama Rachael aligonga meza. "Mwalimu, hizo diski zina barua ya ruhusa?"

"Barua yake iko ndani ya diski zenyewe, mama. Inamruhusu yeyote kunakili. Njooni wote, niwasomee."

Walikwenda. Walisimama stooni wakabanana, na Mwalimu akaisoma ile barua, akiwageuzia Kiingereza kuwa Kiswahili aya baada ya aya, hata Mama Rachael akaridhika. Kisha akasogeza kiti. "Njoo urekebishe wewe."

Kwa hiyo siku ya kwanza Ayuma kugusa kibodi, aliigusa ili kuondoa kosa. Alifuta moja, akaandika sufuri. Alifuta arobaini, akaandika thelathini na tisa. Mwalimu alimwambia aongeze mstari mmoja juu, ule ambao mashine haiufuati, ambao ni wa kusomwa na watu: *Kosa hili liligunduliwa na Ayuma, Julai 1998.*

Mzee Mukhwana aliusoma polepole, midomo ikicheza. Kisha akawageukia watoto waliojaa mlangoni.

"Mnisikilize," akasema. "Kushuku si dhambi. Mimi nimeshuku miaka kumi na minne na sijuti. Lakini nilimshuku mtu aliyefunga mlango. Mtu akiuacha wazi, ingieni mkaangalie kwanza, ndipo mseme. Na mkiona mmesema uongo, rudini mseme hivyo mbele ya watu walewale. Huyu mtoto amenifundisha, na mimi ni mzee."

Akavaa kofia yake, akamshika Mwalimu mkono. "Sasa, Mwalimu. Hiyo karatasi mpya ibandikwe. Na kesho nitakuja kuisoma."