Mrehani Ulioinamia Kitanda

Mikebe thelathini ilipangwa dirishani kwa Ndanu, na mimea ya mikebe ishirini na tisa iliinamia jua, kama mimea yote yenye akili. Mmoja, mrehani, uliinamia kitanda cha Mukai, mdogo wake. Ndanu aliugeuza kila jioni, na kila asubuhi aliukuta umegeuka tena.

Ndanu alikuwa mpambaji wa harusi, mpangaji katika mtaa wa Kongo huko Kawangware. Harusi ya Mukai na Oloo hakutaka kuipamba kwa maua yanayokufa kabla keki haijakatwa. Alitaka mimea hai yenye harufu juu ya kila meza: nanaa, mchaichai, rosemari, kila mkebe umevishwa gunia na utepe mweupe. Wazazi wao walikuwa wamefariki, yeye ndiye aliyemlea msichana huyu, na aliapa siku hiyo haitaharibiwa na yeyote. Ule mrehani alikuwa amekata tawi lake mlangoni mwa nyumba kuukuu kando ya mto, nyumba ambayo hakuna mpangaji aliyewahi kumaliza mwezi ndani yake. Hakuomba ruhusa. Angemwomba nani?

Wiki ya harusi Mukai akaanza kuamka amechoka, nywele zikinukia mrehani, akisema kuna mtu usingizini anamwita mke. Basi Jumamosi asubuhi Ndanu akaufungia mkebe ule nyumbani kwa kufuli. Ile mingine akaipeleka Kibera, kwenye ukumbi wa kanisa katika mtaa wa Raila, akisaidiwa na jirani yake Kavetsa.

Walikuwa wamemaliza kupanga meza, jua limejaa ukumbini, harufu ilipowafikia. Kwanza ilikuwa tamu, kisha ikawa nzito, kisha ikageuka kuwa ya udongo wa kaburi lililochimbwa leo. Walipogeuka waliuona mrehani umekaa kwenye meza ya maharusi, mbele ya kiti cha Mukai, na kando yake kiti cha Oloo kilikuwa kikirudi nyuma chenyewe, polepole, kikikwaruza sakafu, kikivutwa na mtu wasiyemwona, mpaka kikasimama, kikasogezwa tena mbele, na mbao zake zikalia kwa uzito wa huyo aliyeketi.

"Ndanu," Kavetsa alinong'ona, "si tuliacha hiyo kitu kwa nyumba?"

"Tuliacha."

"Basi twende. Sahii."

Sauti ikatoka kitini, laini, ya mtu asiye na haraka. "Nimekuja kumchukua mke wangu. Mlinikaribisha wenyewe. Meza mmeniandalia."

Ndanu aliogopa, tusidanganyane. Lakini chini ya woga ule kulikuwa na hasira ya dada mkubwa, na hasira ndiyo iliyotangulia mdomoni.

"Mke wako?" alisema kwa sauti ya chini. "Mbuzi zako ziko wapi?"

Akakisogelea kiti hatua moja.

"Sisi ni Wakamba. Msichana haendi kama hatujaletewa ntheo, mbuzi tatu za kuoa. Oloo ni Mjaluo na alileta, na ni mimi nilizipokea, mahali pa baba. Wewe umeleta harufu tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, bwana. Toka kwa kiti ya watu."

Mbao zililia mara moja, uzito ukaondoka. Mrehani ukanyauka mbele ya macho yao, jani kwa jani, na Kavetsa akaubeba kwa vidole viwili akautupa mtaroni. Saa nane Mukai aliketi mahali pale pale na mumewe, akicheka, na wageni wakaondoka wamekumbatia mikebe yao ya nanaa. Ndanu alilia kwa furaha bila kumwonea mtu haya.

Jumatatu asubuhi Kavetsa alimgongea mlango. Hapo nje walisimama mbuzi watatu, madume wawili na jike mmoja. Hawakuwa na kamba. Hawakulia wala kutafuna. Manyoya yao yalinuka mrehani.

"Lakini Mukai ashaolewa," Kavetsa alinong'ona. "Sasa hizi ni za nani?"

Katika nyumba ile alikuwa amebaki msichana mmoja tu ambaye hajaolewa. Ndanu alielewa kuwa ni yeye. Mbuzi wote watatu walikuwa wanamtazama yeye. Akavuta pumzi, akasimama katikati ya mlango.

"Rudini mkamwambie huyo amewatuma," aliwaambia. "Mzee wa hii nyumba ni mimi. Na mzee amekataa."