Paa Lililolowa

Mkufu wa lulu wa Bibi Ravenscroft uligundulika umetoweka saa mbili asubuhi. Saa tatu Inspekta Tranter alikuwa ndani ya banda la gari, Belgravia, London, mdomo wazi kama mtoto. Gari lilikuwa refu, jeusi, limeng'arishwa hadi unaona meno yako ubavuni mwake. Paa la ngozi la nyuma lilikuwa limekunjwa, kama siku za sherehe, mji mzima unapomtazama anayeketi pale. Tranter alivua kofia bila kujua.

"Mchukueni huyu!" Bibi Ravenscroft alimnyooshea kidole dereva wake, Gaunt. "Jana usiku tulirudi mvua inanyesha. Yeye ndiye aliyenibebea kisanduku cha lulu."

"Nimekuendesha miaka kumi na miwili, Bibi," alisema Gaunt. "Nikifungwa, wanangu watakula nini?"

Kijakazi alikuwa ameshapekuliwa, na chumba cha Gaunt kimepinduliwa chote. Hakukupatikana kitu. Mlangoni, juani, mdogo wake Bibi, Hester, alikuwa akikamua glavu zake.

Tranter aligusa paa. Kidole kililowa.

"Nani kalikunja?"

"Si mimi, afande! Ngozi yenye maji haikunjwi, inaota ukungu. Nililiacha limesimama likauke."

"Mwongo!" alifoka Bibi.

"Hata dereva mlevi hakunji paa lililolowa," alisema Tranter. "Bi Hester, wewe huketi wapi humu?"

"Kile kistuli kinachoelekea nyuma," alijibu Hester polepole. "Namtazama dada. Watu wananiona kisogo."

"Na glavu zako zimelowa, wakati mvua iliisha jana."

Tranter alifungua mikanda iliyolishika paa, akaliinua. Ngozi ilifunuka pindo baada ya pindo, nzito, ya kupendeza ajabu, na kutoka pindo la mwisho mkufu ukateleza hadi kitini.

"Sikuiba," Hester alilia. "Nilitaka kuketi pale mara moja tu, nimevaa lulu, paa wazi. Alfajiri nikasikia Gaunt anakuja, nikautumbukiza mkufu katika pindo la paa."

"Na ungeniacha nifungwe?" aliuliza Gaunt.

Hester aliendelea kukamua glavu.

"Basi yamekwisha," Bibi alikohoa. "Gaunt, saa kumi tunatoka."

Gaunt aliliacha paa limesimama likauke, akapitisha kitambaa juu yake kwa mara ya mwisho. Kisha akaweka kofia yake ya udereva kando ya lulu.

"Endesheni wenyewe," alisema, akatoka.

Dada wawili walibaki wakilitazama gari. Hakuna aliyejua hata kuliwasha.