Malaika Aliyekosa Kura

Mlango wa ukumbi ulifunguka katikati ya rozari, akaingia kijana aliyelowa chapachapa, viatu mkononi.

"Samahani, Padre. Basi la kikundi changu limeniacha mpakani. Nilishuka kununua maji."

"Kwenu ni wapi?"

"Nchi jirani na yenu, Padre. Wenzangu nao wamekuja kuhiji hapahapa, lakini wamelala upande wa pili wa mji, na nafasi yangu imeshachukuliwa."

"Kaa nasi. Utaungana nao siku ya mwisho."

Rafiki yangu wa kwaya, Soprano, alininong'oneza, "Amelowa, lakini ni mzuri."

"Tuko fumbo la tatu, wewe!"

Tukampa jina la Mvua. Alikuwa fundi umeme. Mimi nafundisha chekechea, na wote wananiita Mwalimu.

Muda mfupi kabla hajaingia, tulikuwa tumepiga kura ya malaika. Kila mmoja wetu aliokota jina la mwenzake, amwombee na kumtendea mema kwa siri hadi siku ya mwisho. Soprano alilificha lake kwenye kitabu cha nyimbo na kusahau ukurasa.

Kesho yake nikakuta viatu vyangu vilivyolowa jana vimejazwa magazeti, vimekauka. Baadaye chupa yangu ikaanza kujaa maji yenyewe. Kwenye basi nikawa nawekewa kiti cha dirishani, maana mimi hutapika safarini. Halafu asubuhi moja nikamfuma Mvua ameinamia viatu vyangu.

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi nani?"

"Malaika wangu."

Akashika sikio lake, akatazama chini. "Haya, Mwalimu. Usiharibu mchezo basi."

Nikaamini Padre alimpa jina lililobaki. Tangu siku hiyo tulitembea pamoja. Alinisimulia mama yake anavyoimba jikoni. Mimi nikamweleza kuhusu mwanafunzi wangu anayeita kila herufi "nyoka". Alicheka hadi akakaa chini barabarani.

"Umempenda," Soprano aliniambia.

"Anatimiza zamu yake. Safari ikiisha, na wema unaisha. Nimpende mtu aliyetumwa na karatasi?"

"Muulize."

"Naogopa."

Siku ya mwisho, baada ya Misa, malaika walijitokeza. Mvua hakuwepo, alikuwa amekwenda kuungana na wenzake. Watu walikumbatiana, wengine wakilia. Soprano akasimama mbele yangu, ameinamisha kichwa.

"Jina lako nilikuwa nalo mimi. Nisamehe. Nilikusahau kabisa."

"Hata kuniombea?"

"Nilikuombea mara moja. Nikasinzia."

Nilimkimbilia Padre.

"Padre, Mvua ulimpa jina la nani?"

"Mvua? Huyo alikuta kura imekwisha. Hakupewa mtu."

Nikakaa kwenye benchi. Wema wote ule, hakuna aliyemtuma! Simu ikalia, ujumbe wake:

"Mwalimu, tunaondoka jioni hii badala ya kesho. Nina swali, sitaki kuliuliza kwa simu. Njoo kituoni, tafadhali."

Nilinyakua mtandio, nikatoka mbio. Mlangoni pa jiko alikuwa amekaa Shangazi, mpishi wetu, mshumaa mkononi. Miguu ilikuwa imemvimba kwa kusimama jikoni, na pango la Bikira Maria, kule juu kilimani, hajalitia machoni. Asubuhi ile nilikuwa nimemwambia, "Jioni nitakupeleka mwenyewe."

"Mwanangu, nimevaa mapema nisikucheleweshe."

Soprano akanivuta pembeni. "Nenda kituoni. Nitampeleka mimi."

Shangazi alisikia. "Kama una safari, nenda tu, mama. Mimi nimezoea. Kila mtu huniambia kesho."

Kesho tulikuwa tunarudi nyumbani alfajiri.

"Sina safari, Shangazi. Nishike mkono."

Tulikuwa kwenye ngazi za mawe za kupandia pangoni simu ilipolia.

"Uko wapi, Mwalimu? Dereva ameshawasha gari."

"Nampeleka Shangazi pangoni. Nilimwahidi. Siwezi kuja, Mvua."

Nikasikia honi, nikamuuliza haraka.

"Mbona hukuniambia hukupewa jina langu?"

"Uliniita malaika wako. Ningeanzia wapi kukataa?"

"Na swali lako?"

"Nilitaka kukuuliza nikiuona uso wako."

"Basi usiulize leo. Njoo uliulize kwetu, baba yangu akiwepo. Jibu ninalo tayari."

"Kweli, Mwalimu?"

"Kweli."

"Nitakuja na baba mdogo. Mimi nitatetemeka tu."

Chini yetu basi lao lilikata kona, taa zikiwaka. Ningekimbilia ukingoni ningemwona dirishani, walau kumpungia mkono. Lakini Shangazi alikuwa ameniegemea kwa uzito wake wote, mguu mmoja hewani, akitafuta ngazi.

"Ni yeye?" akaniuliza.

"Ni yeye."

"Mbona huangalii, mwanangu?"

"Utaanguka, Shangazi. Weka mguu hapa."

Mlio wa basi ukafifia. Tukapanda, tukapumzika, tukapanda tena. Juu, Shangazi akaniachia mkono, akalaza kiganja chake kwenye mwamba wa pango.

"Nimefika," akasema.

Nikamwashia mshumaa.