Mti wa Tipoyi

Karavani ilikuwa inakwenda vizuri kupita kiasi. Nshimiyimana Athanase aliligundua jambo hilo walipoiacha Sake nyuma na kuanza kupanda kuelekea Masisi, katika barabara ambayo hata ng'ombe huchagua pa kukanyaga. Jeep ya Ndayambaje Grégoire ilitumbukia katika kila shimo, lakini ile nyumba ya magurudumu mawili waliyoikokota haikuruka. Iliyumba tu, kushoto, kulia, polepole, kama kitu kilichobebwa mabegani.

"Angalia nyuma," Athanase alisema. "Iko inatembea."

"Iko na ma-ressort, springi za nguvu, njo vile. Weye mwalimu, kila kitu unakipatia mutihani."

Athanase alicheka. Kwa miaka thelathini na minne alifundisha historia pale Kibabi, akichora ubaoni njia za wapagazi na majiti, zile nyumba ambamo maafisa wa Kibelgiji walilala safarini, naye hakuwahi kuona hata moja. Agosti hiyo ya 2016 Grégoire alimwita nyumbani kwake Kirotshe, akamwonyesha karavani aliyoachiwa na padri mzee, akasema: "Twende uone zile nyumba ulifundisha watoto habari yake." Machozi yalimlengalenga Athanase. Hawa hawakuwa marafiki wa kawaida. Mwaka 1966 walichanjiana, kila mmoja akanywa damu ya mwenzake katika pombe ya ndizi. Mapadri wa shule yao waliwachapa, lakini kiapo kilibaki.

Siku ya kwanza walitazama nyumba ya mlowezi wa kahawa, isiyo na paa, yenye sakafu pana za kuanikia. Asubuhi yake Athanase aliamka na maumivu katika bega la kushoto. Ngozi ilikuwa imechubuka kwa mstari mmoja, upana wa viganja viwili. Karavani ilinuka jasho na mawese, ingawa hawakuwa wamepika.

Nje, Grégoire alikuwa akinyoa ndevu, kifua wazi, akipiga mluzi. Karibu mwaka mzima mkono wake wa kushoto haukuinuka; hata kuni alipasuliwa na mke wake, Drocella. Sasa aliuinua bila taabu akatundika taulo mtini.

"Mukono umepona?"

"Mungu ni mwema, kaka," Grégoire alisema, bila kugeuka.

Siku ya pili waliteremka kwenye msitu wa Walikale. Bega lilimuuma Athanase hata akashindwa kukaa katika jeep, akalala karavanini juu ya kitanda chake, na mchana ule, ukungu ukiwa umeziba madirisha yote na mvua ikichuruzika, alisikia chini ya sakafu miguu mitupu ikikanyaga matope, mingi, kwa hatua moja, na pumzi za watu waliochoka zikipanda na kushuka pamoja na kuyumba kwa kitanda, na kila walipofika penye mlima pumzi moja, iliyo karibu zaidi na sikio lake, ilikatika, ikatulia, kisha ikaanza tena, kama mtu anayesubiri kupokewa mzigo.

Walisimama kabla ya Itebero, mbele ya jiti kuukuu la matofali. Mlinzi wake, Mama Brigitte, alitoka akijifuta mikono. Alimtazama Athanase kwanza, kisha mwenzake.

"Papa Grégoire, ulirudi. Njo huyu ulisema utaleta?"

Grégoire alitazama viatu vyake.

"Mama, alisema nini juu yangu?" Athanase aliuliza taratibu.

"Mwaka jana aliondoa muti ya tipoyi hapa juu ya mulima, kile kiti walibebeaka wazungu. Alitaka kuonyesha wageni. Mupagazi mwenye alikufa chini yake njo anatafuta bega. Nilimwambia aurudishe mwenyewe, ao alete muntu wa damu yake. Akasema iko na mumoja walichanjiana."

Athanase alirudi karavanini, akainua godoro lake. Mti ulilala pale, mrefu, mweusi kwa mafuta ya mabega, umefungwa kwa turubai. Aliuvuta hadi matopeni.

"Shika upande ule," alisema. "Tuurudishe pamoja."

"Nisamehe, kaka. Niko na wajukuu."

"Na mimi?"

Grégoire alimpa mgongo. Aliingia katika jeep, akageuza, akaondoka na karavani, ikirukaruka mashimoni.

Mama Brigitte alinyoosha kidole juu ya mlima, mahali mti ulipotundikwa zamani. Kisha aliingia ndani akafunga mlango.

Athanase aliinama, akauweka mwisho wa mti juu ya kidonda, kwa kuwa haukukubali kukaa pengine. Alipiga hatua, akingoja mwisho wa pili uburute matope. Haukuburuta. Uliinuka nyuma yake, ukalingana na bega lake, na mkono asiouona ukagonga mti mara mbili.

Hakuna aliyewahi kumfundisha maana ya ishara hiyo. Aliijua. Akaanza kupanda.