Kiberiti cha Mjomba

Mkanda wa mkoba wa Zuleha ulikatika katikati ya Soko Kuu la Morogoro, Jumamosi asubuhi watu wakiwa wamebanana, na tofali lililokuwa ndani likamwangukia kijana mmoja kidole gumba cha mguu. Kijana alichuchumaa kwa maumivu, akaliokota, akaligeuza.

"Dada," akasema, "hili nimelifyatua mimi. Alama ya kidole changu hii hapa ubavuni. Umekuja kunirudishia?"

Zuleha, katika gauni la kitenge cha kijani na viatu vya saiti vilivyojaa vumbi, alicheka hadi akasahau kuomba radhi. Alikuwa mkadiriaji wa majengo, na tofali alikuwa akilipeleka kupimwa. Kijana aliitwa Sufiani, wa Mkuyuni, ambako alichoma matofali kwenye tanuru la mjomba wake Ahmadi. Alimbebea lile tofali hadi ofisini huku akichechemea, na kabla ya kuagana walikwishapeana namba.

Sufiani akawa anapiga kila asubuhi kabla ya kukanyaga udongo, akimwita "mpimaji wangu." Zuleha alimwita "Kidole." Miezi mitatu haikuisha, alikuwa amekula ndizi za nazi kwa mama yake Sufiani, mjane aliyerudi kuishi katika nyumba ya kaka yake, Ahmadi. Hakukuwa na kodi. Kodi ilikuwa kazi ya Sufiani kwenye tanuru.

Lipo jambo Zuleha hakulisema. Kazi yake ilikuwa kupima gesijoto, zile zinazoongeza joto duniani, zitakazotokana na zahanati mpya ya kijiji cha Mkuyuni, tangu udongo unapochimbwa na tofali kuchomwa, jengo linapotumika, hadi siku litakapobomolewa. Hesabu zilimrudisha kwenye tanuru, lililokula magogo kutoka milima ya Uluguru. Alipendekeza kuta za zahanati kuukuu zikarabatiwe badala ya kubomolewa, na za kuongeza zijengwe bila tofali la kuchoma. Ahmadi alikwishaahidiwa kuiuzia zahanati matofali elfu arobaini. Miiko ya kazi ilimkataza Zuleha kusema kabla ripoti haijapita, na kila simu ilipoita alizungumzia mengine.

Sufiani aliisikia habari hiyo kwenye mkutano wa kijiji, mbele ya watu. Alipiga palepale.

"Siku ile unakula kwetu ulikuwa unajua?"

"Nilijua."

"Basi ulikula na mama yangu huku unamtoa nyumbani."

Akakata, na kwa wiki tatu hakupokea. Zuleha alizitazama zile tarakimu kila siku. Kuzibadilisha ilikuwa kudanganya, kuziacha ilikuwa kumpoteza. Mkuyuni nako matofali mabichi yalikwishapangwa tanuruni, na Ahmadi aliamua yachomwe yauzwe kwingine. Kila jioni alimkumbusha Sufiani mama yake analala chini ya bati la nani. Moshi ulimbana Sufiani kifua tangu ana miaka kumi na minne, jambo alilomwambia Zuleha peke yake.

Siku ya kuwasha tanuru, Zuleha alifika kwa bodaboda. Alimwamkia Ahmadi shikamoo, hakujibiwa. Akamweleza Sufiani kwamba amehesabu upya: kuta za ndani hazibebi paa, kwa hiyo tofali bichi lililokaushwa vizuri na kupigwa lipu ya udongo na chokaa linatosha. Zahanati itachukua elfu kumi na mbili, yasiyochomwa.

"Umehesabu kwa mapenzi?" Sufiani aliuliza.

"Ningehesabu kwa mapenzi, ningechukua yote."

Ahmadi alisema elfu kumi na mbili ni mchezo wa watoto. Akamnyooshea mpwa wake kiberiti: awashe, au aondoke na mama yake leo. Sufiani alikiacha mkononi mwa mjomba, akaingia ndani. Alitoka amebeba godoro, mama yake nyuma na sufuria mbili, akilia bila sauti. Ahmadi akawasha tanuru mwenyewe.

Walitembea hadi barabarani, moshi ukiwafuata.

"Sina tofali hata moja sasa," Sufiani alisema. "Nina mama, godoro na kifua kibovu. Utakubali nikuoe?"

Zuleha alishika upande wa pili wa godoro. "Nitakubali. Leta posa nyumbani. Lakini zahanati bado inataka elfu kumi na mbili, na hatuna pa kuyafyatulia."

Mama alitua sufuria chini akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

"Kule bondeni nina shamba," alisema. "Alinipa mama yangu, si Ahmadi. Udongo wake unanata."