Lundo la Taka Kwenye Picha

Kila asubuhi baba hunywa chai amesimama, maana lori la taka halimsubiri mtu. Wiki ile alikunywa ameketi. Yeye na wazoa taka wenzake walikuwa wamegoma, na binti yake hakutaka hata kuonekana naye njiani.

Shuleni watoto walikuwa wamesoma habari kwenye simu: "Wazoa taka wautelekeza mji." Chini yake palikuwa na picha ya lundo refu kuliko nyumba. Basi wakambandika jina, Binti Lundo. Aliona haya, akamkasirikia baba yake kwelikweli.

Mwalimu wao, mama mcheshi asiyependa mtoto aonewe, alilisikia jina hilo. Hakugomba. Aliwapeleka chumba cha kompyuta, akafungua tovuti mbili za habari, moja kando ya nyingine. Ya pili ilisema: "Wazoa taka wadai glavu."

"Mgomo ni mmoja," alisema. "Tazameni nani amehojiwa, na nani hakuulizwa kitu. Habari inayomsikiliza mmoja huelemea upande mmoja."

Wakatafuta. Tovuti ya kwanza ilimhoji mkurugenzi wa mji peke yake. Kisha mwalimu akawafundisha kuipakia picha ile kwenye tovuti ya kutafutia picha ili waone ilikotoka. Kumbe lundo lile lilipigwa picha miaka mingi nyuma, tena katika mji mwingine. Darasa zima likacheka. Binti alicheka kuliko wote, maana alipata nafuu moyoni.

Jioni alimsimulia baba yake. Baba akafurahi, akamwonyesha tangazo aliloandika ili liwekwe kwenye ukurasa wa wazoa taka. Binti akalisoma mpaka mwisho.

"Baba, humu mmesema nyinyi tu. Bibi jirani anayeziba pua mlangoni kwake yuko wapi?"

Baba akakuna kichwa. "Ama kweli, nyani haoni kundule."

Akaenda kwa bibi. Bibi alimsema, naye akasikiliza hadi mwisho. Kisha akamwonyesha viganja vyake vilivyokatwakatwa na chupa. Tangazo jipya likabeba maneno ya wote wawili, na picha ya siku hiyohiyo.

Watu wakalisoma, wakaelewa. Wakazi, bibi akiwa mbele, walikwenda kwa mkurugenzi kudai glavu. Zilipatikana, na kazi ikaanza tena.

Siku moja lori lilipita mbele ya shule. Binti alisimama dirishani, akapunga mkono.

"Yule ni baba yangu," aliwaambia wenzake, ingawa wote walikuwa wanamjua.