Mshipa wa Karani

Kidole cha mwuza asali wa Kibondo kilikuwa hakijaachia kioo cha simu, na tayari nyumba yake ya mtandaoni ilikwisha kusimama Njombe. Ada iliingia, ankara ikajifunga, na ndani ya seva nafasi ikakatwa, ikapewa jina, ikatiwa kufuli. Hakuna mtu aliyegusa kitu. Buibui wa chuma, roboti wa miguu minane waliotambaa juu ya kuta za seva wakibadilisha vipuri, hawakusimama hata kutazama.

Chesko Mgaya alikunja mikono kifuani. Aliyesimamisha nyumba ile ni yeye, ingawa mikono yake ilikuwa imelala.

Njombe ya miaka hiyo ilikuwa mji wa seva. Dunia nzima ilihangaika kupoza mashine zake kwa mitambo ya gharama. Njombe ilifungua madirisha tu, ukungu wa baridi ukaingia na kufanya kazi.

"Seva ni kiwanja," Chesko alimweleza Bwana Ruwaichi, mkaguzi aliyetumwa na mji. "Tovuti ni nyumba iliyojengwa kiwanjani. Karani, programu yangu ya ankara, ndiye anayepokea kodi. Zamani seva na Karani hawakujuana. Mteja akilipa, Karani anapiga kengele, mtu anakimbia kufungua nyumba kwa mkono. Mtu akiwa msalani, mteja anasubiri."

"Na sasa?"

"Sasa kuna mshipa."

Mshipa ulikuwa uvumbuzi wake. Aliupa anwani ya seva, akaupa ufunguo wa siri mrefu kuliko litania ya watakatifu, kisha akaupa ruhusa tatu: kufungua nyumba, kufunga nyumba na kufuta nyumba. Wahandisi wengi waliiogopa hiyo ya tatu. Chesko hakuiogopa. Tena mshipa wake ulipofuta ulifuta kweli, kwa kuwa sheria ya faragha ilikataza kubakiza hata kivuli cha kilichofutwa.

Nyuma yao Mama Lugano, mwenye kampuni, alikuwa akifuma sweta.

"We Chesko, punguza kujivimbisha. Utapasuka kama chura."

"Niache nipasuke, mama! Vijana wa huku tuliambiwa kazi yetu ni viazi na mbao. Leo nani anauza viazi?"

"Mimi bado nauza. Na ndivyo vilivyokununulia kompyuta ya kwanza."

Ruwaichi akacheka mpaka akavua miwani. Kisha akairudisha, na uso wake ukarudi kazini. "Masharti unayajua, mhandisi. Mshipa ufanye kazi mpaka jioni bila mkono wa mtu. Ukifaulu, shule na zahanati zote za nyanda hizi zitakaa kwenye seva zenu. Ukishindwa, kuna kampuni ya ng'ambo inasubiri mlangoni."

"Waambie wakae chini," Chesko alisema. "Watachoka kusimama."

Asubuhi ikapita vizuri. Nyumba zilifunguka Songea, Bukoba, Pemba. Ndipo Karani akasema kwa sauti yake ya upole:

"Nimelinganisha wateja wangu na nyumba zote zilizomo kwenye seva. Zipo nyumba zisizo na mwenyewe. Naanza kusafisha kiwanja."

"Magofu hayo," Chesko alimtuliza mkaguzi. "Mabaki ya majaribio ya zamani."

Sindano za Mama Lugano zilisimama. "Nyumba zipi?"

Kabla hajajibiwa, simu yake ikalia. Alikuwa Mzee Kihombo wa Uwemba, na sauti yake ilijaza ukumbi.

"Mama Lugano, mwanangu amekatika. Adela amekatika katikati ya wimbo."

Chesko alimjua Adela kwa jina, kama mji mzima ulivyomjua. Alikuwa fundi wa kuchomelea, akafia kwenye ujenzi wa kituo cha mwezini. Mwili haukurudi. Zilirudi nyimbo alizokuwa akimtumia baba yake, na Mama Lugano akazijengea nyumba ndani ya seva, kwa mkono wake, msiba ukiwa bado mbichi. Hapakuwa na nakala mahali pengine.

"Mbona nyumba hiyo haimo kwa Karani?" Chesko aliuliza.

"Ingekuwamoje? Nilimpa msibani."

"Si ungeniambia!"

"Nikutangazie nilichompa mfiwa? Mimi nimelelewa wapi, Chesko? Na wewe umelelewa wapi?"

Kwao, unachomtia mfiwa mkononi humwambii hata mwenzi wako. Anayekitaja amekichukua tena. Chesko alikua akiliona jambo hilo katika kila msiba, lakini siku ya kuunganisha mshipa alitazama rejista ya wateja, akaamini kwamba asiye mteja hayupo.

"Ziko nyingine, mama?"

"Za kila aliyefiwa akaja kwangu."

"Nyumba ya pili," alisema Karani. "Nafuta."

Chesko aliruka hadi kwenye meza.

"Mhandisi!" Ruwaichi alinyanyua mkono. "Ukigusa, jaribio limekwisha. Siwezi kukusaidia."

Chesko aligusa. Aliufuta ufunguo wa siri, mshipa ukakatika, na Karani akanyamaza akiwa hajamaliza tamko. Nyumba ya pili ilipona. Ya Adela ilikuwa imekwenda, safi, bila hata kivuli, kama alivyoijenga mashine yake ifanye.

Ruwaichi aliandika polepole. "Pole, kijana. Ilikuwa mashine nzuri."

"Bado ni nzuri! Andika hilo pia. Haikukosea, ilitii. Nitaujenga mshipa upya, ufungue na ufunge wenyewe, lakini asifutwe mtu kabla binadamu hajapiga hodi na kuuliza. Kama mji hauitaki mashine ya namna hiyo, ukanunue ng'ambo."

Alichukua koti lake. Mama Lugano akaweka sweta chini. "Twende wote."

"Hapana, mama. Huko nakwenda mwenyewe."

Alipofika Uwemba, Mzee Kihombo alikuwa amesimama kizingitini, simu aliyozisikilizia nyimbo mkononi, kama mtu aliyeshika kikombe kitupu.

"Karibu, mwanangu. Mama Lugano kanipigia. Anasema ni hitilafu ya mashine."

Njia ya kupita ilikuwa imekwisha kufagiliwa. Chesko angeweza kuitikia tu, akatoa pole, akarudi mjini.

"Si hitilafu, baba. Ni mimi. Naitwa Chesko Mgaya. Mashine ile niliijenga kwa mikono yangu, na iliyofuta sauti ya Adela ni amri yangu. Hairudi tena."

Alilitaja jina lake kwa sauti ile ile aliyomsemesha nayo mkaguzi, na shingo haikuinama. Machozi yalimtoka hivyo hivyo, uso ukiwa juu.

Mzee aliitia simu mfukoni. Ukungu ulishuka juu ya mashamba ya chai.

"Uliwahi kumsikia akiimba?"

"Hapana, baba."

"Basi vua viatu uingie. Wimbo nimebaki nao mimi peke yangu, na sauti yangu mbaya."